Furaha ya Seremala wa Fontenay-aux-Roses

Filamu nyingi za ndoa na usaliti humpa mtazamaji mtu wa kumchukia. Huwa ni mume mlevi, au mke asiyetosheka, au rafiki wa familia aliyekaribishwa chakula cha jioni akaishia kuondoka na mama mwenye nyumba. Agnès Varda alipotoa Le Bonheur, yaani furaha, mwaka 1965, alimnyima mtazamaji mtu huyo. Mume ni kijana mpole na mchapakazi, anayewapenda wanawe waziwazi. Mke hana kisirani. Hawara hana hila, haombi fedha, hatumi vijembe. Jua linawaka karibu filamu nzima, maua yamejaa kila chombo, na Mozart anasikika nyuma ya picha. Halafu mtu mmoja anakufa, na kabla ya dakika themanini kwisha familia imerudi mwituni kwenye mandari yake ya Jumapili, imetimia tena: baba, mama na watoto wawili. Mama ni mwingine. Zaidi ya nusu karne imepita na filamu hii bado inaweza kumpandisha mtu hasira akakosa pa kuielekeza. Wengi humwelekezea François, yule mume, na hapo ndipo wanapokosea shabaha. Varda hakutengeneza filamu kuhusu mwanamume mbaya. Alionyesha ndoa iliyopangwa kwa namna ambayo mke ni nafasi, na nafasi ikiwa wazi hujazwa. Usaliti ni mlango tu wa kutuingizia humo.

Kisa chenyewe hakina mizunguko. François Chevalier ni seremala katika karakana ya mjomba wake huko Fontenay-aux-Roses, kitongoji kilicho kusini-magharibi mwa Paris. Mkewe Thérèse ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani. Miongoni mwa kazi zake tunaona gauni la bibi harusi. Wana watoto wawili wadogo, Gisou na Pierrot. Filamu inaanza Siku ya Akina Baba, familia ikitembea kwenye nyasi kuelekea kamera, alizeti zimechanua mbele yao. Siku moja François yuko Vincennes kikazi, anaingia posta kupiga simu ya mbali, na dirishani amekaa karani kijana, Émilie Savignard. Wanakunywa kahawa. Émilie yuko mbioni kuhamia Fontenay, na akishahamia wanakuwa wapenzi. François haoni haya wala hofu. Anajiona amebarikiwa mara mbili. Jumapili moja, tena mwituni, Thérèse anamdadisi mbona siku hizi furaha yake imezidi, naye anamweleza yote bila kuficha. Mke anasikiliza, anaonekana kukubali, wanalala pamoja juu ya nyasi wakati watoto wamesinzia. François anapozinduka, mkewe hayupo. Anamtafuta akiwauliza watu waliokuja kupumzika, mpaka anamkuta ameopolewa bwawani, amekufa. Kiangazi kinapita, François anarudi kwa Émilie, na Émilie anaingia kwenye ile nyumba.

Ushahidi wa kwanza ni mikono. Kabla ya kuongoza filamu Varda alikuwa mpiga picha za mnato, akifanya kazi na kundi la tamthilia la Jean Vilar, Théâtre National Populaire, na jicho la picha ya mnato halikumtoka. Hampi Thérèse hotuba hata moja kuhusu kazi za nyumbani. Anatuonyesha mikono yake: inakanda unga, inapiga pasi, inasukuma kitambaa kwenye cherehani, inamwagilia maua, inatandika kitanda, inawalaza watoto. Katika nusu ya kwanza picha hizi zinapita kama pambo, nasi tunazitazama jinsi François anavyozitazama, yaani hatuzitazami. Thérèse akishazikwa na Émilie akishahamia, Varda anazirudisha. Kitanda kinatandikwa, nguo zinapigwa pasi, maua yanapata maji, watoto wanalazwa. Picha ni fupi, zinafuatana haraka, na kwa dakika chache uso wa mwanamke hauna umuhimu wowote. Mikono inatosha kuendesha nyumba. Linganisha na kazi ya François mwenyewe. Yeye pia tunamwona na msumeno na randa, lakini kazi yake ina mahali pake, ina wenzake, ina ujira na saa ya kufunga, na akitoka karakanani ni mtu anayengojewa kwa hamu. Furaha yake ndiyo hasa kazi ya mikono ya Thérèse, ila imefanywa vizuri mno hata haionekani kuwa kazi. Jaribu kumwua François badala ya Thérèse, ubaki na kila kitu kingine kama kilivyo, uone kama filamu itaweza kusonga. Haisongi. Hakuna seremala wa pili atakayeingia katika nyumba ile mwezi wa tisa, avae fulana ya marehemu, na jioni iendelee kama jana.

Kuna tukio jingine la mapema ambalo ukiliona mara ya pili linatisha. Ni dansi ya hadharani, watu wa mtaani wanacheza nje, na kamera inakwenda kulia na kushoto ikipita nyuma ya shina la mti. Kila inapolipita shina, wachezaji wamebadilishana: François yuko na Thérèse, kisha yuko na Émilie, kisha wenzi wamepangika upya kabisa. Hakuna anayejikwaa, muziki haukatiki. Varda ametuambia hatima ya hadithi akiwa bado anatuburudisha, na ameitamka kwa mwendo wa kamera tu.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya picha, na kwamba nafasi ya mke ni tamathali ninayomsingizia mwongozaji. Basi tutazame sheria za nchi ambamo Thérèse alikuwa mke. Filamu hii ilipigwa mwaka 1964. Wakati huo mume wa Kifaransa alikuwa bado na uwezo kisheria wa kumpinga mkewe asiajiriwe. Ni sheria ya tarehe 13 Julai 1965 iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mume. Cheo cha mume kama mkuu wa familia kilifutwa mwaka 1970. Kuhusu uzinzi wenyewe, kanuni ya adhabu iliyorithiwa tangu zama za Napoléon ilikuwa na mizani mbili. Mke aliyezini aliweza kufungwa kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili. Mume alitozwa faini, tena kama tu alikuwa amemweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Na mume aliyemfumania mkewe na mwanamume nyumbani mwao akawaua, sheria ilikuwa na kifungu cha kumpunguzia kosa. Kifungu cha namna hiyo kwa ajili ya mke hakikuwapo. Mizani hiyo ilivunjwa Julai 1975, uzinzi ulipoondolewa kabisa katika makosa ya jinai na talaka ya makubaliano ikaruhusiwa. Ukiweka kisa cha François mbele ya sheria hiyo ya 1964, utaona kwamba hajavunja chochote. Amempangia Émilie saa zake katika chumba cha Émilie mwenyewe, hakumwingiza nyumbani kwa Thérèse mpaka Thérèse alipokufa. Ni mume mtiifu wa sheria. Thérèse naye, kama angefanya vilevile na karani wa kiume wa posta, angekuwa mshtakiwa. Filamu haitaji lolote kati ya haya, na haikuwa na haja. Watazamaji wake walikuwa wanaishi humo.

Utetezi wa François ni hesabu ya kujumlisha. Siku anayomwambia mkewe, anatumia mfano wa shamba la mitufaha: yeye, Thérèse na watoto ni kama shamba lililozungushiwa mpaka, kisha akaona mtufaha mwingine umeota nje ya mpaka, nao umechanua pamoja na ile ya ndani. Maua yameongezeka, matunda yameongezeka, hakuna kilichopungua. Ni maneno matamu, na Jean-Claude Drouot, anayemwigiza François, anayasema kwa uso ambao hauna hata chembe ya uongo. Kosa la hesabu hiyo haliko kwenye hisia. Inawezekana kabisa kwamba moyo wake umepanuka. Kosa ni kwamba katika mfano wake hakuna mkulima. Miti inachanua yenyewe, na François, ambaye ni mti mmojawapo kwa maneno yake mwenyewe, ndiye pekee anayehesabu mavuno. Ongezeko lote linaingia kwake. Thérèse anaombwa afurahie wingi ambao hana sehemu ndani yake, na kwa kuwa hajawahi kuishi isipokuwa kwa furaha ya mume, hana msingi wa kukataa. Kama furaha ya François ndiyo furaha ya nyumba, basi furaha ikizidi nyumba imepata faida, na mtu anayelia katikati ya faida anaonekana mchoyo.

Hapa msomaji wa Kiswahili atainua mkono. Atasema kwamba hoja ya kujumlisha si ngeni kwetu, na kwamba kama François angeoa mke wa pili kwa utaratibu, pengine mtu asingekufa. Pingamizi hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana linagusa kile hasa kinachokosekana katika maneno ya François. Ndoa ya wake wengi, pale inapofuatwa kwa masharti yake, ni taasisi yenye daftari: kuna mahari, kuna zamu, kuna nyumba na matumizi ya kila mmoja, na kuna sharti la uadilifu ambalo mwanamume anaweza kuulizwa na wakwe, na wazee, na hata kadhi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikubali ndoa iliyofungwa ya mke mmoja igeuzwe ya wake wengi mpaka mume na mke wote wawili watamke kwa hiari. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia taasisi hiyo, na wanawake wengi walioishi ndani yake wana mengi ya kusimulia, lakini angalau inakiri kwamba kuongeza mtu kuna gharama na kwamba gharama ina mlipaji. François anataka jumla bila gharama. Kwa lugha ya mitaani ana nyumba ndogo, tofauti ni kwamba anaiombea baraka kwa nyumba kubwa. Hakumwuliza Thérèse kabla ya kuanza. Alimweleza baada ya mambo kuwa yamekwisha kuwa, akangoja apongezwe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomsifu kwa ukweli wake. Ni kweli hadanganyi akiulizwa. Lakini ukweli unaosemwa bila msemaji kuwa tayari kupoteza chochote humwachia msikilizaji kazi yote. François anamwambia mkewe kwamba akitaka ataacha kuonana na Émilie, na ahadi hiyo inamgeuza Thérèse kuwa ndiye atakayeharibu furaha, akithubutu. Varda amefanya makusudi kumsafisha mtu huyu, na hata uteuzi wa mwigizaji ulimsaidia: Drouot wakati huo alikuwa kipenzi cha familia za Kifaransa kwa kuigiza shujaa katika tamthilia ya televisheni Thierry la Fronde. Mwaka mmoja kabla, François Truffaut alitoa La Peau douce, kisa cha msomi aliyeoa anayempenda mhudumu wa ndege, na pale usaliti unanuka jasho: uongo wa hotelini, simu zilizokatwa, hofu ya kuonekana, na mwishoni mke anaingia mgahawani na bunduki. Ni filamu nzuri sana. Lakini bunduki inatupa nafuu, kwa kuwa kosa limelipiwa na hesabu imefungwa. Varda ameondoa uongo, ulevi, ugomvi na kisasi, akatuachia mume mwema kabisa, na mke amekufa vilevile. Basi sababu itafutwe kwingine.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa watetezi wa wanawake wenyewe. Mhakiki wa Uingereza Claire Johnston, katika insha yake ya mwaka 1973 kuhusu sinema ya wanawake, alimwona Varda kuwa mwongozaji wa kurudi nyuma, ambaye kazi zake ziko karibu na ndoto nyepesi za matangazo ya biashara. Si vigumu kuona alichokiona. Le Bonheur ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Varda ya rangi, na rangi zake ni za kulewesha. Tukio likiisha, badala ya skrini kuwa nyeusi kama desturi, inajaa nyekundu, au buluu, au rangi nyingine safi. Chumba cha Émilie ni cheupe. Wakiwa mkahawani, mabango ya mtaani yanamulika kwa maneno kama majaribu na fumbo, kana kwamba mji mzima unauza mapenzi. Mtazamaji aliyechoka anaweza kutoka humo akiamini ameonyeshwa utenzi wa kumsifu mwanamume mwenye bahati, na sitasema mtazamaji huyo ni mjinga. Hatari hiyo ni ya kweli, na Varda aliichukua. Wala haitoshi kumtetea kwa wasifu wake, kwamba mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa wanawake 343 waliotangaza hadharani kuwa wamewahi kutoa mimba wakati jambo hilo lilikuwa kosa la jinai Ufaransa. Saini ya 1971 haiwezi kuisahihisha filamu ya 1965. Filamu ijitetee yenyewe.

Nayo inajitetea, kwa kuwa tangazo la biashara ndiyo lugha pekee inayofaa kusimulia jambo hili. Tangazo halimwonyeshi mama fulani. Linaonyesha mama yeyote, anayetabasamu, mwenye nguo zinazoendana na mapazia. Linaahidi kwamba kila kilichochakaa kina kipya chake dukani. Varda ameichukua lugha hiyo na kuifikisha mahali ambapo wauzaji hawathubutu kufika: kama kila kitu ndani ya picha kinabadilishika, na mwanamke yumo ndani ya picha, naye atabadilishwa. Kuna wakati televisheni ya jamaa zao inaonyesha kipande cha filamu ya Jean Renoir ya mwaka 1959, Le Déjeuner sur l'herbe, ambamo mtu anazungumza kwamba huenda furaha ni kuutii mpangilio wa asili. Familia inatazama bila kushtuka. Ukisikiliza kwa sikio la Thérèse, unajiuliza asili ipi hiyo iliyopanga kwamba mmoja atii na mwingine achanue. Halafu uje kwenye muziki. Sehemu kubwa ya filamu inafuatana na ule utungo wa Mozart wa klarineti na ala nne za nyuzi, wa mwaka 1789, laini kama ulivyo. Lakini Varda ametia pia Adagio na Fuga katika C ndogo, ya mwaka 1788, kazi nzito yenye ukali, na anaipandisha mwishoni kabisa, picha zikiwa bado za amani. Fuga ni utungo ambamo sauti moja inaingia na wimbo, kisha nyingine inaingia na wimbo uleule, na mpango mzima unategemea kwamba wimbo haujali umebebwa na sauti gani. Sidhani mwongozaji aliyetaka kumsifu François angechagua umbo hilo. Varda mwenyewe aliwahi kuifananisha filamu na tunda zuri la kiangazi lenye mdudu ndani, na majaji wa Berlin walioipa tuzo maalumu ya Dubu wa Fedha mwaka 1965 yaelekea waliuma hadi kwenye mdudu.

Kuna watakaosema ninamdhulumu Émilie kwa kumwita mjazaji wa nafasi. Yeye si nakala ya Thérèse, na filamu yenyewe inasisitiza tofauti zao: ana kazi yake dirishani posta, ana chumba chake, ana ulimi wake, anajua François ana mke na anaingia akiwa macho. Nakubali yote hayo, na kwa kweli yanaifanya hoja iwe chungu zaidi. Kama Émilie angekuwa dhaifu tangu mwanzo, kuingia kwake jikoni kungekuwa jambo la tabia. Lakini aliyeingia ni mwanamke mwenye mshahara na maamuzi yake, na katika dakika za mwisho tunamwona akifanya hatua zilezile, kwa mpangilio uleule, na alama zake za kwanza zikififia moja baada ya nyingine. Nafasi ina nguvu kuliko anayeijaza. Varda alikuwa na ushahidi mwingine hapa, ambao uko nje ya hadithi lakini ndani ya picha. Thérèse ameigizwa na Claire Drouot, mke halisi wa Jean-Claude, na Gisou na Pierrot ni Sandrine na Olivier, watoto wao wa kuzaa. Upole wa nusu ya kwanza, jinsi mtoto anavyomwegemea mama yake bila kufikiri, si maigizo ya mafundi. Kisha mama wa kweli anatolewa kwenye fremu, Marie-France Boyer, anayemwigiza Émilie, anaingia, na watoto walewale wanashikwa mikono na mgeni, wanavishwa sweta za manjano na kahawia zinazofanana na za baba na za mama mpya, wanatembea kuelekea mitini majani yakiwa yamegeuka rangi. Filamu inafanya kazi. Familia inaonekana familia. Mtazamaji anayetaka watoto wale walie, wakatae, angalau wamwite mama yao, hapewi hata chozi, na akilikosa ndipo anapotambua ni kiasi gani alikuwa anategemea kwamba mtu fulani hawezi kubadilishwa.

Limebaki swali la bwawa. Je, Thérèse alijiua au aliteleza? Varda ametupa picha fupi mno, inayokatiza wakati François amemkumbatia maiti: Thérèse majini, mkono umeshika tawi. Kabla na baada ya hapo, tendo la François la kumwinua linarudiwa mara kadhaa mfululizo, kana kwamba filamu imekwama. Wapo wanaoshikilia tawi hilo kuwa ushahidi wa ajali, na wakishalishikilia hoja yangu yote inalegea: mwanamke kafa kwa bahati mbaya, mume kaoa tena, maisha ndivyo yalivyo. Lakini picha ile ni ya nani? François hakuwapo. Hakuna mhusika aliyeweza kuiona na kuisimulia kwa uhakika. Inawezekana ni mwongozaji anatupa ukweli ambao wahusika hawana. Inawezekana vilevile ni kichwa cha François kinachojitengenezea kifo anachoweza kuishi nacho, maana inakuja wakati hasa anapokihitaji. Ajali inamfaa yeye. Inamfaa Émilie, kwa kuwa bila ajali hawezi kufungua madirisha ya nyumba ile asubuhi. Inawafaa jamaa, wenye watoto wawili wa kutunzwa na maswali machache ya kuuliza. Na hata tukiuchukua mkono ule kuwa kweli tupu, bado hauamui kitu: anayeteleza hushika tawi, na aliyejitosa akajuta hushika tawi vilevile.